Kisasi cha Albania? Tarehe zinakataa

Ndugu mwandishi, umesema bomu la ubalozi wa Marekani hapa Dar, Agosti 7, 1998, lilikuwa kisasi kwa ajili ya wapiganaji wa Kimisri, wenzao wa Bin Laden, waliokamatwa Albania. Tarehe zinakataa. Kamatakamata ya Tirana, mji mkuu wa Albania, ni ya katikati ya 1998. Ali Mohamed, mtu wa al-Qaeda, alipokiri makosa mahakamani New York Oktoba 2000, alisema ubalozi wa Marekani Nairobi, uliolipuliwa siku moja na wa Dar, aliupiga picha mwishoni mwa 1993, na Bin Laden akaonyesha kwenye picha hiyo mahali lori linapoweza kuingilia. Njama ya miaka karibu mitano itakuwaje kisasi cha mwezi uliopita? Albania iliongeza hasira, basi.

Anza na fatwa ya Bin Laden ya Februari 1998, iliyotaka Wamarekani wauawe, na malalamiko yake: majeshi ya Marekani Saudia, vikwazo vya Iraki, Jerusalem. Kisha fungua kalenda. Agosti 7 ilitimia miaka minane tangu majeshi hayo yaanze kupelekwa Saudia.

Kosa la pili ni kuchukua maneno ya Khalfan Khamis Mohamed, Mzanzibari aliyefungwa maisha 2001, kana kwamba ndiye aliyepanga. Kazi yake ilikuwa kukodi nyumba Ilala, gari dogo la Suzuki kununuliwa kwa jina lake, na kusaidia kutayarisha bomu na kulipakia. Imani yake inaeleza kwa nini alikubali kutumwa, haielezi kwa nini Dar ilichaguliwa. Na fatwa ilitaka Wamarekani wafe; waliokufa Dar ni 11, Mmarekani hata mmoja hayumo. Hilo nalo hukuligusa.