Intaneti ya Nyumbani kwa Bajeti Finyu: Kagua Bili Kabla ya Kasi

Matangazo ya intaneti ya nyumbani karibu yote yana sura moja. Kasi imeandikwa kwa namba kubwa, bei ya mwezi wa kwanza kwa rangi ya kuvutia, na chini kabisa vigezo na masharti kwa herufi zinazosomeka kwa taabu. Mimi nasema familia inayohesabu kila senti ianzie huko chini. Kasi ije mwisho. Ninaowaona wakiumia si wale wenye mtandao wa polepole, bali waliopokea bili ya mwezi wa nne isiyofanana na ile ya mwezi wa kwanza, na mkataba hauwaruhusu kuondoka.

Chukua ofa iliyozoeleka sana: nusu bei kwa miezi 3 ya mwanzo, mkataba wa miezi 24. Ukiisikia unachangamka, na ndivyo ilivyokusudiwa. Sasa piga hesabu. Miezi 3 kwa nusu bei ni sawa na ada ya mwezi mmoja na nusu. Miezi 21 inayobaki unalipa kamili. Umelipa ada ya miezi 22 na nusu kwa huduma ya miezi 24, kwa hiyo punguzo lako la kweli ni asilimia 6 na ushee. Kwa asilimia 6 umefungwa miaka miwili, na ndani ya miaka miwili mtu anaweza kuhama, kuachishwa kazi au kupata mgonjwa wa kuhudumia.

Kuna pia gharama ambazo hazimo kwenye ada ya mwezi: kufungiwa, amana ya ruta (kifaa kinachorusha Wi-Fi ndani ya nyumba) au kodi yake, faini ya kuvunja mkataba, wakati mwingine hata ada ya kurudishiwa huduma ukichelewa kulipa. Ada ya kufungiwa ikilingana na ada ya miezi 3, na ukakaa na kampuni hiyo mwaka mmoja tu, kila mwezi wako umepanda bei kwa robo. Kwa hiyo chukua karatasi, andika pesa yote itakayokutoka ndani ya miezi 12, kuanzia siku fundi anapogonga mlango, kisha gawanya kwa 12. Hiyo ndiyo bei ya kulinganisha kampuni na kampuni. Na pakiwepo kifurushi cha kulipia mwezi kwa mwezi bila mkataba, mimi ningekichukua hata kikizidi kidogo, maana mwezi mambo yakiwa magumu unakisimamisha bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kasi nayo inauzwa kuliko inavyohitajika. Netflix wenyewe wanashauri Mbps 5, yaani megabiti 5 kwa sekunde, kwa video ya 1080p (HD kamili) na Mbps 15 kwa 4K, ambayo picha yake ni kali zaidi. Simu ya video ya watu wawili kwenye Zoom, kwa ubora wa 1080p, inataka karibu Mbps 4. Nyumba yenye televisheni mbili zinazoonyesha filamu na mtu mmoja aliye kwenye kikao inatumia kama Mbps 14. Kifurushi cha Mbps 20 kinachotoa kweli Mbps 20 kinatosha, na simu za kuperuzi zinapata nafasi. Kumbuka tu kwamba hizo ni megabiti, na mafaili yanapimwa kwa megabaiti, kwa hiyo gawanya kwa 8. Mbps 20 ni MB 2.5 kwa sekunde, na faili la GB 1 linashuka kwa dakika 7 hivi. Nani anashindwa kusubiri dakika 7?

Anayefanya kazi nyumbani aulize jambo moja zaidi, kasi ya kupakia, yaani ya kutuma kutoka kwako. Matangazo mengi hutaja kasi ya kupakua peke yake, wakati sauti na sura yako kwenye kikao husafiri kwa ile nyingine. Kifurushi kinaweza kuwa cha Mbps 50 kushuka na 5 kupanda.

Kuhusu vifurushi vya GB nina msimamo mkali: havifai kwa nyumba yenye watoto. Saa moja ya video ya HD inaweza kula GB 3. Wakitazama saa 2 kwa siku, mwezi mmoja ni GB 180. Bando la GB 100 linaisha katikati ya mwezi, na ndipo mzazi anapoanza kununua vibando vya dharura ambavyo kila GB yake ni ghali kuliko ya kwanza. Kasi kubwa haiongezi hata GB moja: kwa Mbps 100, ukipakua mfululizo, GB 100 zote zinakwisha kwa saa 2 na dakika 13. Heri kasi ndogo isiyo na kikomo. Ila hata hiyo ‘isiyo na kikomo’ ihoji. Baada ya GB ngapi wanapunguza kasi, na wanaishusha mpaka ngapi? Ikishuka hadi Mbps 1, ujumbe na simu za sauti zitaendelea, lakini somo la video litakuwa la kuganda na kukatika. Jibu hilo lidai kwa maandishi.

Aina ya mtandao nitaipitia haraka. Faiba, yaani waya wa nyuzi za kioo, ikifika mlangoni kwako na bei ikawa sawa, usihangaike na kingine. Laini ya waya wa shaba hudhoofika kadiri nyumba ilivyo mbali na kituo cha kampuni ya simu. Ruta ya 4G au 5G inategemea mnara na idadi ya watu wanaoutumia, ila kwa mpangaji ina faida kubwa, unahama nayo. Setilaiti za mtindo wa zamani ziko karibu kilomita 36,000 juu, ndiyo maana mazungumzo yanachelewa zaidi ya nusu sekunde na watu wanakatizana. Za obiti ya chini, kama za Starlink, ziko kama kilomita 550, ucheleweshaji haupo kiasi hicho, lakini gharama ya vifaa huwa ndiyo kikwazo.

Kabla ya kusaini, zungumza na jirani anayetumia kampuni hiyohiyo. Mwombe apime kasi saa 2 usiku, si saa 4 asubuhi. Nyumba za mtaa mmoja huchangia njia kama zinavyochangia bomba la maji, na jioni kila mtu amefungua koki. Kilichoandikwa kwenye tangazo ni kilele. Wewe utaishi na kile cha saa 2 usiku. Muulize pia mtandao ukikatika fundi anakuja baada ya muda gani. Kampuni ya Mbps 10 yenye fundi anayefika kesho yake naipenda kuliko ya Mbps 100 ambayo simu yao haipokelewi.

Na kabla ya kupandisha kifurushi kwa sababu ‘mtandao ni mzito’, itazame ruta ilipowekwa. Kwa jamaa yangu mmoja ilikuwa sakafuni nyuma ya televisheni, na binti yake anasomea chumba cha mwisho. Tuliipandisha juu ya kabati kwenye korido, tukahamisha simu ya binti kwenye masafa ya Wi-Fi ya 2.4 GHz, ambayo ni ya polepole kuliko ya 5 GHz lakini inapenya kuta vizuri zaidi. Malalamiko yakaisha, na kifurushi kikabaki kilekile.

Siku ya kuondoka, toa taarifa mapema kama mkataba unavyotaka, kwa barua pepe na si kwa simu. Ukirudisha ruta, ipige picha pamoja na namba yake ya usajili na udai risiti hapohapo kaunta. Ndugu yangu mmoja alirudisha ya kwake bila risiti, na kampuni ikaendelea kumdai kodi ya kifaa alichokwisha kuwakabidhi kwa mkono wake.