Mafunjo tunakata, yanaota tena
Eti binadamu popote alipo ni adui wa mazingira? Nimekulia Dunga, Kisumu, kando ya Ziwa Victoria, na hapo nabisha. Mafunjo tunayakata kusukia mikeka na viti, yanachipuka tena, na samaki wadogo wa fulu wamejificha humo humo wasiliwe na mbuta, yule samaki mkubwa aitwaye pia sangara. Mbuta ndiye aliyetuharibia: aliletwa ziwani miaka ya 1950, akala fulu hadi aina nyingi zikatoweka. Halafu maji taka na mbolea za mashambani hulishibisha gugumaji, mmea unaoelea ziwani, mpaka boti zinakwama, mizizi imejisokota kwenye injini. Lakini wadudu walioachiliwa miaka ya 1990 kulitafuna walisaidia kweli, na waliowaleta ni binadamu hao hao! Wenzangu wa Homa Bay na Busia, kwenu mafunjo bado yapo ama yamefyekwa ipandwe sukuma wiki?