Pole Tunayoshindwa Kujipa

Kwa miaka mingi nimekuwa msomaji wa vitabu vya kujijenga, vile vinavyopangwa chini kando ya barabara za katikati ya jiji la Dar es Salaam na ambavyo siku hizi huzungushwa pia katika makundi ya WhatsApp, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilivisoma vibaya. Nilivisoma kama mtu anayetafuta fimbo. Kila sura iliponieleza habari za nidhamu, za kuamka alfajiri au za kuweka akiba, nilichukua daftari nikaandika mahali nilipopungukiwa, na nilipokifunga kitabu nilikuwa nimesadiki jambo moja tu, kwamba sifai.

Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari. Usiku mmoja nilikuwa nasahihisha madaftari ya kidato cha pili, nikafika kwa mwanafunzi aliyesahau kubadili alama alipofungua mabano, kosa alilokwisha kulifanya wiki iliyotangulia. Nikamwandikia pembeni kwa wino mwekundu neno UZEMBE, nikalipigia mstari mara mbili. Nilipomaliza rundo lile nilivuta daftari langu mwenyewe ili nijaze habari za siku, na kwa kuwa sikuwa nimesoma kurasa kumi nilizojipangia, nikaandika chini ya tarehe, kwa kalamu ile ile iliyokuwa mkononi, neno lile lile. Sikuliona hadi nilipotaka kulifunga daftari. Nikarudi kwenye daftari la yule mtoto nikalifungua kando ya langu, nikakaa nayatazama yote mawili kwa muda mrefu.

Tangu usiku ule nimeshikilia kwamba maneno ambayo mtu huisemesha nafsi yake hayamwishii moyoni. Humwagikia kwanza walio chini ya mkono wake, yaani watoto wake, wanafunzi wake, msaidizi wake wa nyumbani, na wao hupokea lugha ambayo hawakuwa chanzo chake. Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba kusoma vitabu vya kujikubali ni ubinafsi.

Shida ya kwanza niliyokutana nayo ilikuwa ya lugha. Vitabu vingi vya namna hii nimevisoma kwa Kiingereza, ilhali sauti inayonikaripia kichwani ni ya Kiswahili, tena Kiswahili cha nyumbani kabisa, kwa hiyo faraja ilikuja kwa lugha moja na lawama ikabaki katika lugha nyingine, na mbili hizo hazikukutana. Nilipojaribu kutafsiri, kila neno lilinigeukia. Kujipenda, kwetu, ni sifa ya mtu anayevaa akapendeza, au ni lawama kwa mtu asiyejali wenzake. Anayejikubali, kwa lugha ya mtaani, ni mwenye kujiona. Kujihurumia ndiko kubaya zaidi, maana humleta akilini mtu aliyeketi pembeni akihesabu dhiki zake. Si ajabu basi kwamba wengi wetu tukiambiwa tuwe wapole kwa nafsi zetu, tunasikia tunaalikwa kwenye majivuno au kwenye manung'uniko.

Neno lilikuwepo muda wote, nami nalitumia kutwa nzima. Tunampa pole aliyefiwa na aliyeugua, na vilevile aliyetoka safari, aliyetoka kazini, aliyejikwaa mbele yetu njiani hata kama jiwe hatukuliweka sisi. Hatumuulizi kwanza kama alistahili kujikwaa. Pole haimwambii mtu kwamba hakukosea, wala haimwondolei kazi ya kuinuka. Inamwambia tu kwamba ameonekana na kwamba hayuko peke yake. Hata hivyo, mtu huyo huyo anayegawa pole tangu kituo cha daladala hadi mlangoni kwake, akifika ndani na kukumbuka alilokosa siku hiyo, hana hata moja ya kujipa.

Kristin Neff, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, ambaye mwaka 2003 alichapisha kipimo cha namna watu wanavyojitendea wanapokosea au kupatwa na dhiki, analigawa jambo hili katika sehemu tatu: kuwa mwema kwa nafsi badala ya kuihukumu, kutambua kwamba kukosea na kuumia ni hali ya wanadamu wote, na kuyatazama maumivu yalivyo bila kuyazidisha wala kuyakana. Niliposoma sehemu ya pili nilisimama. Kumbe ndiyo kazi ambayo pole imekuwa ikiifanya miaka yote, kumtoa mtu katika upweke wa kosa lake.

Wapo watakaosema kwamba kujibembeleza huzaa uvivu, nami kwa kazi yangu siwezi kulipuuza neno hilo. Mwaka 2012 Juliana Breines na Serena Chen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha utafiti ambao katika sehemu yake mojawapo wanafunzi walipewa jaribio gumu la msamiati. Baadhi yao waliambiwa kwamba ugumu ule huwapata wengi na kwamba wasijihukumu vikali. Wengine walisifiwa akili zao. Wengine hawakuambiwa chochote. Walioambiwa wasijihukumu ndio waliotumia muda mrefu zaidi kujisomea kabla ya jaribio la pili. Mwalimu yeyote aliyewahi kumwona mtoto akificha daftari chini ya dawati anajua ni kwa nini: mtu anayeogopa kudhalilika hukimbia kosa lake, na hawezi kulirekebisha jambo asilothubutu kulitazama.

Si kila kitabu kinafaa kwa kazi hii. Kile kinachomwambia mama anayeuza vitumbua tangu saa kumi alfajiri kwamba umaskini wake ni matokeo ya mawazo yake mabaya, mimi nimekiweka chini na sikirudii, kwa sababu kinamtwika mtu mmoja mzigo ulioletwa na mambo mengi asiyoyamudu. Na mwenye sonona anahitaji mtaalamu wa afya ya akili. Kitabu kinaweza kumsindikiza tu.

Nikitafuta kielelezo cha kitabu chema namkumbuka Mwana Kupona binti Mshamu wa kisiwa cha Pate, pwani ya Kenya, aliyemtungia binti yake utenzi wa wosia mwaka 1858, mwaka mmoja kabla ya mwandishi Samuel Smiles kuchapisha London kitabu chake Self-Help, kilichoupa uandishi wa namna hii jina lake kwa Kiingereza. Mengi aliyoyasema juu ya ndoa wasomaji wa leo watabishana nayo, nami nabishana nayo. Ninachokipenda ni namna anavyoanza: ni mgonjwa, anakiri kwamba maradhi yamemzuia kwa muda mrefu kusema neno jema, kisha anamwita bintiye asogee, aketi, alete wino na karatasi. Anayenasihi anasema kwanza udhaifu wake. Nikifungua kitabu sasa natafuta sauti hiyo, na nisipoiona katika kurasa ishirini za mwanzo naacha.

Ninasoma kidogo, sura moja kwa juma. Daftari bado ninalo, ila nikiandika kosa huanza na pole, kisha nataja kitu kimoja tu cha kufanya kesho. Zipo siku ambazo neno la zamani linatangulia kalamu. Yule mwanafunzi nilimfutia kwa wembe lile neno, karatasi ikatoboka kidogo, nikaandika chini yake: "Pole, mabano haya huwapata wengi. Rudia swali la nne, kisha uje tulitazame pamoja." Alikuja siku ya tatu, wakati wa mapumziko, daftari likiwa wazi mkononi.