Waandikishwe Wakiwa Hai

Watu wawili wameishi pamoja miaka kumi na tano bila kufunga ndoa. Wamejenga, wamelea, wameuguzana. Siku mmoja anapofariki, yule aliyemlaza na kumwamsha anaulizwa na ndugu wa marehemu: "Kwani wewe ni nani yake?" Na hana karatasi ya kujibia.

Ziko sheria zinazojaribu kumsaidia. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inawachukulia waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi, wakajulikana kwa watu kuwa mume na mke, kwamba wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nia ni njema. Lakini mfiwa ndiye anayebeba mzigo wa kutafuta majirani waje kuapa kwamba waliwaona. Na wapo wasiotaka kabisa kuitwa mume na mke. Hao dhana hiyo inawaoza bila ridhaa yao.

Ndiyo maana nataka daftari la wenza, la hiari, ambalo wawili wanajiandikisha wenyewe wangali na kauli. Ufaransa inalo tangu 1999, mkataba wanaouita PACS. Ubelgiji ilikwenda mbali zaidi: tangu mwaka 2000, hata ndugu wawili wanaoishi nyumba moja wanaweza kusajiliwa, kwa kuwa serikali haiulizi habari za kitanda. Inauliza nani anaishi na nani. Mfano huu ndio unaonivutia kuliko yote, na ndio jibu langu kwa wanaosema usajili utaivunjia ndoa heshima. Dada wawili wazee wakiandikishwa wasifukuzane nyumbani, ndoa ya nani imepungukiwa?

Usajili peke yake hautoshi, hilo nalikubali. Mwenza wa PACS hawi mrithi pasipo wosia. Sheria inamwachia kukaa bure katika nyumba yao mwaka mmoja tu. Kwangu huo ni mchache mno kwa mtu aliyelipia nusu ya kila tofali. Kwa hiyo fomu ya usajili iwe na sehemu ya wosia papo hapo, na sehemu ya kumtaja atakayesikilizwa na daktari mmoja wao akiwa hajitambui. Na anayetaka kuvunja mkataba amjulishe mwenzake kwa maandishi, asije akagundua mlangoni kwamba kitasa kimebadilishwa.