Ukitafuta saluni ya nywele za asili, ulizia kwanza maji

Anayepita Sinza, Kinondoni au Mwenge jijini Dar es Salaam huona saluni za kike zimepangana hadi akajiuliza zote zinapata wapi wateja. Hata hivyo, mwanamke ambaye hajaweka dawa ya kunyoosha kichwani, na ambaye anataka tu nywele zake zioshwe, zichanwe na kusukwa bila kuambiwa kwamba ni ngumu, anaweza kumaliza mtaa mzima asipate pa kukaa. Kwa ndugu zetu wanaoishi London au Minneapolis tatizo hilo lina maelezo mepesi, kwa kuwa saluni nyingi za huko zilianzishwa kwa ajili ya nywele za watu wengine. Hapa kwetu karibu kila kichwa kinachoingia saluni kimeota nywele za kipilipili, na bado saluni inayozijua nywele hizo hutafutwa kwa kuulizana, mtu kwa mtu, kama chumba cha kupanga.

Maoni yangu ni kwamba wengi wetu tunatafuta mahali pasipo. Tunachagua saluni kwa picha za Instagram, ilhali picha hupigwa dakika ile msusi anapomaliza kazi, wakati kila msuko unang'aa na kila mstari umenyooka. Picha haionyeshi nywele zilioshwa vipi kabla ya kusukwa, wala haionyeshi kilichobaki kwenye chanuo siku ya kufumua. Saluni ya kweli ya nywele za asili hujulikana kwenye sinki, na ndiyo maana nasema mtu aanze kuuliza huko.

Ni vyema kwanza tuelewe kwa nini hali imekuwa hivi. Biashara ya saluni tunayoijua ilijengwa juu ya dawa ya kunyoosha. Kampuni ya Johnson Products ilianzishwa Chicago mwaka 1954 ikiwauzia Wamarekani weusi dawa hizo, na nyingine nyingi zikafuata hadi makopo yake yakajaa kwenye rafu za Kariakoo. Dawa ya aina hii ni alikali kali inayovunja viungo vya ndani ya unywele ambavyo ndivyo vinavyoufanya ujikunje. Mojawapo ya kemikali zake, hidroksidi ya sodiamu, ndiyo ile ile ambayo watengeneza sabuni huiita kostiki soda. Kwa kuwa nywele mpya huota zikiwa na mkunjo wake, mteja hulazimika kurudi kuretachi, yaani kupakwa dawa kwenye nywele mpya, kila baada ya wiki kadhaa, na kwa mwenye saluni hiyo ni kodi ya pango iliyokwisha kuhakikishwa. Nywele za asili hazimpi faida hiyo. Zinakaa muda mrefu kitini, zinatumia maji mengi na kondishena nyingi, na mwenye nazo akishajifunza kuzitunza anaweza asirudi kwa miezi miwili. Simlaumu mwenye saluni anayepiga hesabu zake, ila mteja naye ajue hesabu hizo zinamwelekeza wapi.

Sababu ya pili haisemwi sana, nayo ni shule. Katika shule nyingi za serikali msichana hutakiwa kuwa na nywele fupi sana tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne au cha sita. Zipo hoja za kutetea utaratibu huo, na mzazi mwenye mabinti wanne na kipato kidogo anazijua vizuri kuliko mimi, lakini matokeo yake ni kwamba binti anamaliza shule akiwa hajawahi kuishi na nywele zake mwenyewe. Mara nyingi nywele ndefu za kwanza anazozizoea ni rasta, yaani nywele bandia za kusukia, au zile zilizowekwa dawa. Msusi aliyefunzwa chini ya mwembe na dada yake alipita njia hiyo hiyo. Wanapokutana, mteja hajui la kudai na msusi hajui kinachokosekana, na wote wawili wanakubaliana kwa moyo mmoja kwamba kosa ni la nywele. (Chama tawala nacho kiliwahi kuingilia vichwa vya watu wazima: Operesheni Vijana, iliyotangazwa mwaka 1968 na Umoja wa Vijana wa TANU, chama kilichotawala wakati huo, ilipiga marufuku mawigi pamoja na sketi fupi. Hakuna aliyefundishwa kutunza nywele kwa sababu ya operesheni hiyo.)

Sasa turudi kwenye sinki. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam hutegemea visima, na maji ya visima vingi yana chumvi. Kila aliyefulia maji hayo anajua sabuni inavyokataa kutoa povu na nguo zinavyokauka zikiwa ngumu. Kichwani hali haina tofauti kubwa: madini hubaki juu ya unywele, shampuu haitoki vizuri, na nywele ambazo kwa asili ni kavu huzidi kukakamaa. Ukavu huo wa asili una sababu yake. Mafuta yanayotolewa na ngozi ya kichwa huteleza kwa urahisi kwenye unywele ulionyooka, lakini katika unywele uliojikunja mithili ya springi hayafiki nchani, na kila mahali unywele unapokata kona ndipo unapokuwa dhaifu. Saluni inayojua kazi yake huzungumzia unyevu kabla ya kuzungumzia mtindo. Ina tangi la maji ya bomba au ya mvua, au angalau inaweza kukwambia maji yake yanatoka wapi bila kukushangaa. Mteja anayeuliza swali hilo huonekana ana maringo, na mimi nasema awe nayo.

Baada ya kuosha, angalia mkono wa kwanza unaoshika chanuo. Nywele za kipilipili huchanwa zikiwa na maji na kondishena, zikiwa zimegawanywa mafungu, na chanuo huanzia nchani likipanda polepole kuelekea kwenye shina. Msusi anayechomeka kitana kwenye shina na kuvuta hadi mwisho anakata nywele, hata kama mteja ni mvumilivu na hata kama foleni ni ndefu. Kisha inakuja draya. Saluni nyingi hukausha kwa moto mkali nywele zinazochuruzika maji, huku chanuo likivuta, kwa sababu nywele zilizonyooka zinasukika haraka. Njia isiyo na moto tunayo tangu zamani: bibi zetu walisuka kwa uzi mweusi, wakizungusha uzi kwenye kila fungu kuanzia shina hadi ncha, na nywele zilipofumuliwa zilikuwa zimenyooka na hazijaungua. Nikiingia saluni inayojiita ya kisasa nikamkuta binti anayejua kusuka uzi, namwamini kuliko mashine zote zilizopangwa ukutani.

Kuhusu kusuka kwenyewe, lawama lazima zigawanywe. Wateja wengi huamini kwamba msuko usiouma haudumu, na msusi mwenye mkono mwepesi hupoteza kazi kwa mwenzake anayebana hadi macho yanavutwa pembeni. Kupoteza nywele kwa sababu ya kuvutwa si ugonjwa wa Waafrika peke yao. Madaktari waliueleza mwaka 1907 kwa wanawake wa Greenland waliokuwa wakizifunga nywele zao kwa kubana sana. Huanza na vipele vidogo kandokando ya paji la uso, kisha nywele za pembeni huwa nyepesi, na mvuto ukiendelea kwa miaka, mashina hufa na nywele hazioti tena. Hatua za mwanzo hurekebishika, ilimradi mvuto uachwe. Kwa hiyo msusi anayemwambia mteja kwamba nywele zake za pembeni ni chache, kwamba msuko mzito wa yeboyebo usubiri na leo atosheke na mtindo mwepesi wa twende kilioni uliolegezwa, anajinyima fedha kwa faida ya mteja. Huyo ndiye wa kuhifadhiwa namba yake ya simu. Anayekubali kumfunga mtoto wa miaka minne rasta nzito zinazofika kiunoni, kwa kuwa mama ndiye anayelipa, sina neno zuri la kumwambia.

Jambo jingine la kuwa nalo macho ni dawa inayoingia kwa mlango wa nyuma. Mteja aliyekataa kunyooshwa huahidiwa kwamba nywele zitalainishwa kidogo tu ili zichanike. Mara nyingi kinachopakwa ni kemikali ya jamii ile ile ikiachwa kwa dakika chache, na sehemu iliyopakwa hairudi tena kuwa ya asili. Mwenye nywele ana haki ya kusoma kopo kabla halijafunguliwa, na ya kuuliza kama bidhaa imesajiliwa na TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lenye dhamana ya vipodozi. Oktoba 2022 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Kwa wasiotumia bidhaa za kunyoosha nywele, makadirio ya kupata saratani ya mji wa mimba hadi kufikia umri wa miaka 70 yalikuwa asilimia 1.64, na kwa waliozitumia zaidi ya mara nne katika mwaka uliotangulia utafiti, yalikuwa asilimia 4.05. Utafiti wa namna hiyo huonyesha uhusiano bila kuthibitisha chanzo, na mwanamke mzima anayeamua kuweka dawa akiwa na taarifa hizo simwingilii. Ninachopinga ni kupakwa bila kuambiwa.

Zipo saluni za nywele za asili pande za Masaki na Mikocheni, na baadhi yake zinafanya kazi nzuri, ila bei zake zimepangwa kwa mifuko ya huko. Kwa mwenye kipato cha kawaida naona njia bora zaidi ni msusi wa mtaani mwenye mkono mwepesi, anayekubali kuja nyumbani, ambako maji ni yako, kondishena ni yako na chanuo ni lako. Alipwe vizuri na alipwe muda wake, kwa sababu kuchana fungu kwa fungu kunakula saa nzima ambayo angeweza kumhudumia mteja mwingine. Vyuo vya ufundi stadi kama VETA, vinavyofundisha ususi, vingeweza kuwasaidia wasichana hawa kwa kozi fupi ya kuosha na kuchana nywele zisizo na dawa, pamoja na cheti ambacho mteja angekitambua.

Kwa anayependa saluni, ushauri wangu ni kwamba siku ya kwanza asisuke. Aende siku ya kazi asubuhi, si Jumamosi ambapo kila mtu ana harusi, aombe kuoshwa, kuchanwa na kufungwa mabutu tu, kisha arudi nyumbani. Atakuwa ameona maji, chanuo, draya na mdomo wa msusi kwa gharama ndogo, kabla ya kukabidhi kichwa chake kwa saa sita za rasta.