Sikununua paka

Rafiki yangu ameshanitangulia na picha ya friza yangu kule kwenye statasi, na mnasema nimenunua paka, kwa hivyo wacha niseme mapema: si paka. Ni sungura. Na wala sikumtaka.

Mnanijua, mimi mtoto wa Malindi. Waitaliano walikuja kwetu kurusha setilaiti pale Ngomeni mwaka 1967 na mpaka leo wamejaa tele. "Ciao" niliijua kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Basi nilipofika hapa Torino, Italia, darasani kwenye somo la Kiitaliano nakaa nyuma, namtazama mwalimu kama mtu anayefundishwa kula ugali. Wiki jana somo likawa ununuzi na kuomba ushauri. "Mi dà un consiglio?" Nipe ushauri. Haya, kuna nini hapo?

Jumamosi nina wageni wa pilau. Huyo, soko la Porta Palazzo, buchani, kikaratasi cha foleni mkononi, namba 47. Sikujua nyama ipi inafaa, nikasema nitauliza kistaarabu. Nikasimama nikirudia kimoyomoyo: consiglio, consiglio. Namba ikaitwa, mwenye bucha akanikazia macho, na ile s sijui ilidondokea wapi.

"Mi dà un coniglio?"

"Intero o a pezzi?"

Mzima au vipande? Nikajiambia, kumbe hawa hata ushauri wanakupimia! Sasa nani anataka ushauri nusu? "Intero, grazie!"

"Con la testa?"

Na kichwa chake? Wanangu, hapa ndipo nilipojimaliza. Nilidhani ananiuliza kama nataka ushauri wenye akili. Nikacheka kile kicheko cha mtu aliyeelewa utani. "Certo! Con la testa!"

Akainama nyuma ya kioo. Akaibuka na kitu kirefu, chekundu-cheupe, kimechunwa, miguu imenyooka kama mtu anayepiga mbizi. Akakilaza kwenye mizani. Kichwa kikageuka polepole kunielekea. Macho, jamani! Macho yalikuwemo! Mizani ikasoma kilo 1.4, na ndipo kamusi ikafunguka kichwani mwangu: coniglio, sungura. Yuleyule wa hadithi za nyanya, aliyewalaghai simba na fisi. Mimi amenilaghai akiwa maiti.

Mngenishauri niseme nimekosea. Na foleni imefika mlangoni? Nikalipa. Bei msiniulize.

Bibi kizee wa namba 48 akanishika mkono, akaanza: mtie zeituni, rozimari, divai nyeupe kidogo, moto usiwe mkali. Ushauri mzima, wenye kichwa, bure.

Wageni walikula pilau ya njegere. Rafiki yangu akafungua friza kutafuta barafu, akapiga yowe, akapiga na picha, mengine mmeyaona. Bado yumo, kichwa kimeelekea mlangoni. Siku hizi nikichukua mkate humo nafumba macho.