Punje za kwenye TV haziwaki zenyewe, tusidanganyane

Jumapili mama kanipigia, "mwanangu njoo uone hii TV, watangazaji wote wamegeuka bluu". Nikajua tu, maana juzi yake ilitoka kwa fundi, taa za ndani zilikuwa zimeungua akabadilisha, kumbe kuna karatasi moja ya plastiki hakuirudisha. Nikaikuta kwake Majengo imefunika boksi la spea, vumbi la Dodoma juu, ukiiinua juani ina unjano flani hivi. Alikuwa na stripu ya taa za bluu mezani tukaiwasha tukaimulika, upande wa pili ile bluu ikapoa ikaanza kuvuta kwenye weupe. Fundi akabaki "duh".

Sasa hapo ndo ugomvi wangu ulipo. Jamaa aliyeniuzia (duka silitaji) aliniambia hizi TV za QLED, kama hiyo ya mama, kila kidoti kinajiwasha chenyewe. Sio kweli, zinazojiwasha ni OLED. Nyingi zilizoandikwa QLED ni LCD zilezile, yaani kioo kisichowaka chenyewe, nyuma kuna taa za bluu na mbele yake ndo hiyo karatasi yenye kwantamu doti, na mimi naona ukweli ni mtamu kuliko huo uongo wa dukani.

Yani hizo kwantamu doti ni punje za semikondakta (mada inayopitisha umeme nusunusu), nanomita 2 mpaka 10 hivi, nanomita moja ni milimita moja ukiigawa mara milioni, mwanga wa bluu ukiigonga punje elektroni inaruka juu inaacha tundu, ikirudi kwenye tundu lake inatoa mwanga, na rangi inategemea ukubwa wa punje. Kadimiamu selenaidi ileile, ndogo kabisa inatoa bluu, kubwa nyekundu! Wanasayansi ndo waliligundua, Ekimov aliliona hilo kwenye vioo vya rangi, Brus kwenye kimiminika, halafu 1993 Bawendi na wenzake wakapata njia ya kuzipika zitoke saizi moja, 2023 wote watatu wakapewa Nobel ya kemia.

Ila kinachonikosesha usingizi ni pale zinapobanana kama zabibu kwenye kichala. Punje ndogo ikishapokea nishati inaweza isitoe mwanga kabisa, inampa jirani yake mkubwa kimyakimya, hakuna mwanga unaopita katikati, na mkubwa ndo anawaka kwa rangi yake. Ulitaka kijani unaona inavuta kwenye wekundu. Na hairudi nyuma, mwekundu hana nishati ya kutosha kumpa wa kijani. Umbali nao ni mkali sana, ukiongeza mara mbili tu kasi ya kupeana inashuka mara 64, ndo maana kwenye ile karatasi wanazitawanya ndani ya plastiki, na kuzivika ganda, kila moja ikae na chake.

Kwa hiyo fundi akikwambia ni nailoni tu, mkatalie. Na usiichome na takataka, zingine zina kadimiamu ambayo ni sumu, ingawa siku hizi wengi wamehamia indiamu fosfaidi.

Tukaipangusa kwa kitambaa laini tukairudisha mahali pake, mama kakaa, kaangalia habari ya saa mbili dakika nzima bila kusema kitu, halafu, "haya, sasa huyu amerudi kuwa mtu".